Swaka wa Michezo Mitano na Saini ya Ami Yake

Basi la kutoka Nimule lilitarajiwa kuingia Sherikat saa saba mchana. Ilipofika saa tisa, Santina alikuwa amekwisha kuifunua sufuria ya maharage mara nne bila kupakua hata sahani moja. Kibanda chake cha chakula kilikuwa kando ya barabara, ng'ambo ya daraja, mahali ambapo madereva wa masafa husimama kunywa chai kabla ya kuingia Juba mjini. Kwa miaka mitano alikuwa amejifunza kusoma habari za njiani kwenye nyuso zao. Siku ile nyuso zilikuwa zinamkwepa.

Aliyemjia ni Norman, dereva wa lori kutoka Uganda. Kioo cha mbele cha lori lake kilikuwa kimepasuka. Hakuagiza chochote. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Norman, umekuja na njaa au umekuja na maneno?" Santina akamuuliza.

"Dada Santina, mimi iko na habari. Wewe kaa chini kwanza."

"Nimesimama tangu alfajiri, sitakaa kwa ajili yako. Sema."

"Ile basi wamepiga risasi. Kabla ya Nesitu, pale kwa kona. Gari ya jeshi imeleta watu hospitali. Mimi nimeona ile mfuko nyeusi, ile mrefu ya panga za ndugu yako."

"Umeona mfuko au umeona mtu?"

Norman akaitazama kofia yake. "Nimeona mtu pia, dada."

Santina akafunika maharage. Akamwagia maji mkaa mpaka ukanyamaza, akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakifunga tena kwa nguvu zaidi. Kwenye meza ya pili kulikuwa na askari wawili wanakunywa chai. Mmoja akamuuliza mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Ni yule Mganda wa farasi?"

"Si Mganda," Santina akamwambia. "Maliza chai yako utoke."

Ilikuwa Oktoba 2016, miezi mitatu baada ya vita ya Julai kuupitia mji. Swaka, mdogo wake, alikuwa amekufa akija Juba kwa sababu yeye Santina alimwita. Alimpigia simu mwenyewe, akamwambia kwa furaha, "Njoo, ami amelainika. Amesema atasaini."

*

Baba yao alikuwa Mbari wa mtaa wa Malakia, Juba, mama yao Victoria Mmadi wa Moyo, upande wa Uganda. Vita ya zamani ilipowafukuza Juba, Swaka alikuwa mgongoni mwa mama. Baba alimwachia uwanja wa nyumba mdogo wake, Mogga, akamwambia atarudi mvua zikikatika. Hakurudi. Alizikwa kambini Adjumani chini ya matofali mawili, na Swaka akakua akijifunza kuogelea katika Nile karibu na kivuko cha Laropi, ambako wakubwa walimtuma kufuata nyavu zilizokwama na kumcheka alipomeza maji.

Alipofika Kampala na miaka kumi na minane, alipata kazi ya kuzoa mavi ya farasi kwenye mazizi ya watu wenye nafasi. Wenye farasi hawakumjua jina. Walimwita "wewe". Lakini farasi walihitaji kutembezwa wenye mali wakiwa safarini, na anayewatembeza mwisho huwapanda. Ndipo kocha mmoja, Ponsiano, mwalimu mnene wa mazoezi aliyekuwa polisi zamani, akamwona akiruka ua juu ya farasi asiye na tandiko.

"Unajua kuogelea?" kocha akamuuliza.

"Najua kutozama."

"Inatosha. Kukimbia je?"

"Mimi ni mkimbizi, mwalimu."

Ponsiano alicheka mpaka akashika tumbo. Akamweleza mchezo wenyewe: siku moja mtu anapigana kwa upanga mwembamba, anaogelea mita mia mbili, anaruka vizuizi juu ya farasi, kisha anakimbia na kupiga shabaha kwa bastola, anakimbia tena na kupiga tena. Michezo mitano, mtu mmoja. Bastola yenyewe haina risasi. Inatoa mwale wa taa, na ukilenga sawasawa alama nyeusi ubaoni inageuka kijani.

Nchini kote walikuwa vijana wasiofika kumi waliojaribu jambo hilo, na hawakumpenda. Upanga walijifunza kwa fimbo zilizofungwa mipira ya gari, kwenye ukumbi wa shule. Katika mchezo wao kila pambano ni dakika moja na mguso mmoja. Anayegusa kwanza ameshinda, na dakika ikiisha hakuna aliyegusa, wote wawili wanaandikiwa wameshindwa. Vijana wale walijua kwamba Swaka alikuwa mgumu kuguswa, basi waliamua kumzungukia dakika nzima bila kumshambulia. Walikubali kushindwa, mradi naye ashindwe.

"Msudani, toka kwenye nafasi za watu," walimwambia.

Mwaka 2011 Sudan Kusini ikapata uhuru wake. Santina alirudi Juba na begi moja na sufuria tatu, akasimama juani siku ya bendera mpaka miguu ikavimba. Jioni akampigia Swaka simu akilia. Swaka hakulia. Aliuliza tu, "Dada, hiyo nchi ina timu?"

Haikuwa na timu. Haikuwa na farasi wa mashindano wala bwawa wala mtu aliyewahi kuusikia mchezo huo. Lakini ofisa mmoja wa michezo, aliyefuatwa mara sita, alisema kama kijana ana cheti cha uraia basi jina lake litaandikwa, na huko mbele Mungu anajua. Ili kupata cheti, lazima mzee wa upande wa baba asimame mbele ya ofisa wa uraia atoe ushahidi kwamba anakujua na damu yako ni ya kwao, kisha atie saini. Wazee wote wa upande wa baba walikuwa wamekufa. Alibaki mmoja, Ami Mogga, aliyekuwa akilala katika chumba cha baba yao.

Mwaka 2012 Swaka akaja. Waliondoka Malakia watatu, Mogga mbele kwa suti ya kijivu, wao nyuma. Walipanga foleni tangu saa moja. Zamu ilipofika, ofisa hakuinua kichwa.

"Shahidi wa upande wa baba nani?"

Mogga akajitokeza.

"Unamjua huyu?"

Mogga akamwangalia Swaka kuanzia viatu kwenda juu, polepole, kama mtu anayechagua mbuzi. "Ndugu yangu nilimjua, amekufa. Huyu nasikia wanamwita Swaka. Alizaliwa na nani, mimi sikuwepo."

"Sasa unasaini au husaini?"

"Mkono unaniuma."

Foleni nzima ikacheka. Mtu akasema nyuma, "Mpelekeni Kampala akamtafute babake!" Swaka alisimama wima kama anasubiri filimbi. Nje, kwenye vumbi, akamuuliza ami yake amemkosea nini.

"Hujanikosea. Mmekuja wewe na dada yako mmepima uwanja wangu kwa macho. Mlidhani sikuona?"

"Ami, sitaki uwanja. Nataka bendera ya kwetu kifuani."

"Leo bendera, kesho chumba. Sisi tulikula majani hapa, mabomu yanaanguka, ninyi mnakula matoke. Khalas. Nenda kwa Wamadi wa mama yako."

Santina akamwita jina ambalo mwanamke anayekwenda kanisani hapaswi kulijua. Mogga alilibeba neno hilo mwilini tangu siku ile, na alikuwa na haki ya kulibeba. Santina alikwenda kuungama, akasamehewa na padri, lakini hakumwomba radhi mwenyewe aliyetukanwa. Kosa hilo lilikuwa lake.

*

Basi Swaka akavaa fulana ya Uganda, kwa haki ya mama yake. Mwaka huohuo akaenda Misri kwenye mashindano ya Afrika. Akashika nafasi ya pili kutoka mwisho. Panga zilimshinda. Wenzake wa Misri walikuwa wamefundishwa tangu utotoni, walimgusa kabla hajajua wameanza. Kiongozi wa msafara akamwambia kwenye basi, watu wote wakisikia, "Ukishinda wewe ni Mganda. Ukishindwa, rudi kwenu." Mara nyingine alikwenda Hungaria kwa tiketi aliyochangiwa na parokia, akashika mkia kabisa, akarudi na mafua.

Mwaka 2015 akaenda Misri tena. Habari za safari hiyo alimsimulia Santina mwenyewe, hapo kibandani, akila maharage. Katika mchezo wao huendi na farasi wako. Unapewa kwa kura, farasi usiyemjua, na dakika ishirini za kumzoea, basi. Yeye akapata farasi mwekundu aliyekuwa amekwisha kumwangusha mpandaji mmoja asubuhi ile. Waliokuwa ukingoni walifurahi kumwona anampanda.

"Ukafanya nini?" Santina akauliza.

"Dakika kumi na tano sikumrukisha hata kizuizi kimoja. Nilimtembeza tu namwimbia nyimbo za Legio ya Maria. Wengine walikuwa wanacheka. Dakika tano za mwisho nikamwonyesha vizuizi viwili. Yule farasi hakuniuliza kwetu ni wapi."

"Farasi wa Misri angekuuliza kwa Kiarabu, na wewe Kiarabu chako ni cha sokoni Konyokonyo."

Walicheka mpaka wateja wakageuka. Alikuwa ameruka vizuizi vyote bila kuangusha gogo, mmoja kati ya watatu tu, akapanda hadi nafasi ya tisa katika Afrika nzima. Picha yake ilitoka gazetini Kampala. Juba mtu mmoja aliyeiona ni Mogga, na aliikata akaenda nayo msikitini, kanisani na sokoni akionyesha ile fulana. "Tazameni mtoto wa ndugu yangu," alisema. "Sisi tuna vita, yeye anamchezea Mganda farasi." Mpakani Nimule, Swaka aliporudi, wanajeshi waliichukua bastola yake. Walipoona haitoi kitu walimpiga nayo kisogoni, wakamrudishia wakicheka.

Mwaka huo Sudan Kusini ilipata kamati yake ya Olimpiki. Swaka akaanza upya kuulizia cheti. Julai 2016 risasi zikaanza tena mjini, Santina akalala siku nne sakafuni kwa jirani. Vita ilipotulia katekista wao aliwahimiza waumini wapatane, na Jumapili moja Mogga alisimama mbele ya kanisa akasema hana neno na mtoto wa ndugu yake, na kwamba suala la saini "litaangaliwa". Santina alisikia kile alichotaka kusikia. Akapiga simu Kampala.

*

Hospitali ilikuwa na harufu ya dawa na ya watu wengi. Santina alimtambua Swaka kwa mguu, kwa kovu la ukanda wa tandiko kwenye kigimbi. Mwenye chumba cha maiti hakuwa mkali, alikuwa amechoka.

"Mama, mwanamke hatoi maiti. Leta mwanamume wa upande wa baba."

"Upande wa baba yupo mmoja, naye hatutaki."

"Akutake asikutake, aje. Siku tatu, baadaye serikali inazika."

Hakukuwa na njia. Alivuka mji mpaka Malakia. Mogga alikuwa kwenye rakuba yake, kile kivuli cha miti na majani mbele ya nyumba, anavuta shisha. Habari alikuwa nazo.

"Malesh, pole," alisema. "Mungu amrehemu."

"Ulisema utasaini, ami. Ndiyo maana alikuja."

"Nilisema litaangaliwa. Usinitwike damu ya mtu."

"Basi. Njoo tumtoe tumzike hapa, uwanjani kwa baba yake."

Mogga akaweka mrija chini. "Hapa hapana."

Alijua anachokataa. Juba hati za ardhi zilichomwa, zikaibiwa, zikaandikwa mara mbili. Kaburi halifanyiwi hivyo. Familia iliyomzika mtu wake uwanjani hakuna mahakama ya sultani wa mtaa itakayoiambia haina haki hapo. Na mtu wao anayezikwa mbali, kwenye makaburi ya serikali nje ya mji, huwa kama mpita njia aliyefia safarini. Hilo ndilo Santina aliloapa lisimpate Swaka. Alikataliwa akiwa hai. Hatakataliwa na udongo pia.

"Alivaa bendera ya watu," Mogga akaendelea. "Wakamzike waliomvika. Mimi nitamtoa hospitali kwa sababu ya Mungu, nimpeleke makaburi ya serikali, na hapo tumemalizana."

Santina alifungua mdomo amjibu. Katika kifua chake mlikuwa na maneno mabaya kuliko lile la 2012. Aliomba Salamu Maria moja kimoyomoyo, akaomba ya pili, kisha akasema, "Twende ukamtoe, ami."

Asubuhi yake walikuwa mbele ya yule mwenye chumba cha maiti. Alitoa fomu ya nakala mbili, moja ya hospitali, moja ya wenye marehemu.

"Jina la anayechukua?"

"Mogga."

"Uhusiano?"

Mogga akakohoa. "Andika jamaa."

"Jamaa hachukui maiti. Wewe ni nani wake? Kama si baba wala ami, niitie aliye baba au ami."

Nyuma yao kulikuwa na watu wengine wenye maiti zao, wanasukuma. Nje pikapu ilikuwa inanguruma. Mogga akatazama huku na huku, na Santina akatazama ukutani.

"Ami," Mogga akasema. "Ndugu wa baba yake, baba mmoja mama mmoja."

"Saini hapa. Na hapa."

Akasaini. Mkono haukumuuma. Nakala ya pili Santina aliichukua kutoka mkononi mwa yule bwana kabla haijafika mezani.

Jeneza lilipokwisha kupakiwa, alimwambia Norman, aliyekuwa akiendesha pikapu ya kuazima, "Usielekee makaburi. Nenda kwa sultani."

"Unasemaje?" Mogga akafoka.

"Umesikia, ami. Panda au tembea."

Sultani Lado aliamua mambo ya mtaa chini ya paa la mabati, na siku hiyo alikuwa na kesi ya mbuzi. Aliisimamisha. Aliisoma karatasi mara mbili, miwani puani.

"Mogga, saini hii ni yako?"

"Nilisaini maiti isioze. Huyu mwanamke amenitega."

"Kalamu uliishika mwenyewe," Santina akasema.

"Wewe nyamaza kwanza," Lado akamwambia, kisha akamgeukia Mogga. "Miaka minne mtaa mzima unasikia humjui kijana huyu. Leo umeiambia serikali ni mtoto wa ndugu yako, baba mmoja mama mmoja. Kama ni kweli, anazikwa kwa baba yake. Kama ni uongo, umechukua maiti ya watu kwa jina la uongo, na hiyo si kesi yangu, ni ya polisi. Niambie niite nani, wachimba kaburi au polisi?"

Mogga alifuta jasho shingoni.

"Azikwe," alisema. "Lakini amekufa kwa chuma, tena njiani. Katika ukoo wetu mtu wa hivyo hapiti mlangoni. Mlangoni kwangu hapiti."

"Hiyo ni kweli, ni desturi yenu," Lado akakubali.

"Hata kwa tundu la ua tutapita," Santina akasema.

"Uniombe radhi kwanza, kwa lile neno."

Santina hakulitarajia hilo. Alimtazama mzee yule, suti yake ya kijivu imechakaa mabegani, na akaona kwamba alikuwa anangoja kweli. "Nilikutukana, ami, na haikuwa haki. Niwie radhi kwa neno hilo," alisema. "Kwa mengine sina radhi ya kukuomba."

Mogga akageuka, akapanda pikapu.

*

Kaburi lilichimbwa siku hiyohiyo, upande wa mashariki wa uwanja, na vijana wa parokia pamoja na Waganda watatu wa soko la Custom walioletwa na Norman. Udongo ulikuwa mgumu, wakatumia mtaimbo. Nyuma ya nyumba waling'oa mabati mawili ya ua, wakaingiza jeneza hapo wakiwa wameinama. Kocha Ponsiano alizungumza kwenye simu, katekista akaishika simu hewani ili watu wasikie, lakini mtandao ulikatika baada ya maneno machache. Katekista alisoma zaburi, akaomba. Wanawake waliimba kwa Kibari. Jeneza likashushwa kwa kamba. Santina alitupa udongo wa kwanza, halafu Mogga akatupa wake, halafu watu wengine, na vijana wakajaza kwa makoleo. Msalaba ulikuwa wa mbao, umeandikwa jina lake, jina la baba yake, na miaka miwili, 1988 na 2016. Watu walinawa mikono kwenye beseni. Walikunywa chai bila sukari, kwa sababu haikutosha, na ilipofika saa kumi na moja wakaanza kuondoka kurudi makwao.